Pilipili manga: kuzaa sana ni jambo moja, kutokufa ni jingine

Wengi wetu tunaijua pilipili manga ikiwa jikoni tayari. Iko kwenye pilau, iko kwenye chai ya viungo, iko kwenye mchuzi wa kuku. Mara nyingi hata haitujii akilini kwamba zile punje nyeusi zilizokunjamana ni matunda ya mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti.

Jina nalo linatupoteza kidogo. Manga, kwa watu wa pwani, ni Uarabuni, hasa upande wa Oman. Kwa hiyo pilipili manga ni pilipili iliyokuja na majahazi ya Wamanga. Lakini hao mabaharia waliibeba tu. Kwao hasa ni kwenye misitu ya mvua ya milima ya Ghats Magharibi, kusini-magharibi mwa India, nyuma ya pwani ya Malabar ambayo leo iko kwenye jimbo la Kerala.

Sasa msomaji, nataka tulijadili swali moja. Zao hili limeuzwa duniani kwa zaidi ya miaka 2,000. Ramses II, farao wa Misri aliyefariki mwaka 1213 KK, alizikwa na punje za pilipili manga puani. Mwaka 408, Alaric alipouzingira mji wa Roma, katika orodha ya vitu alivyodai ili auachie alitaja pauni 3,000 za pilipili. Zao la heshima namna hiyo, inakuwaje aina chotara ya kwanza iliyotengenezwa kwa makusudi ilianza kuwafikia wakulima mwanzoni mwa miaka ya 1970? Na baada ya kupatikana hiyo aina inayozaa sana, mbona mashamba yameendelea kufa?

Ukifuatilia historia yake utaona kwamba kuongeza mavuno na kuzuia magonjwa ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza ilifanikiwa mapema. Ya pili bado inaendelea, na matumaini yake yapo kwenye mimea ambayo mkulima wa kawaida angeing'oa.

Ua dogo lenye historia ndefu

Tuanze na mmea wenyewe. Mpilipili manga ni mmea wa kupanda: unashika mti wa kuegemea kwa vijimizizi vyake na kupanda juu. Maua yake ni madogo mno, yamepangana kwenye kamba nyembamba inayoning'inia. Kamba hiyo ndiyo inayogeuka kuwa kichala cha punje.

Unaijua mipapai? Kuna mpapai dume na mpapai jike, na jike bila dume jirani mara nyingi ni hasara. Mipilipili mingi ya mwitu msituni iko hivyohivyo: huu dume, ule jike. Ukienda shambani mambo ni tofauti. Aina nyingi zinazolimwa zina maua ya jinsia zote mbili kwenye kichala kimoja, kwa hiyo mmea mmoja unaweza kujizalisha. Matone ya mvua husaidia kusambaza chavua kutoka ua hadi ua.

Badiliko hilo halikuletwa na maabara. Ni kazi ya wakulima wa Malabar, kizazi baada ya kizazi. Walipoona mmea unaozaa vizuri bila kutegemea jirani, waliukata vipande, wakavipanda karibu na nyumba zao na kumgawia ndugu. Hakuna aliyeandika tarehe wala jina lake. Ushahidi tulionao ni ua lenyewe.

Zingatia hilo neno "vipande". Mpilipili hupandwa kama muhogo: unakata kipande cha shina, unakichomeka ardhini, kinaota. Mkulima ana sababu nzuri ya kufanya hivyo. Mmea wa kipande huzaa mapema kuliko wa mbegu, na unafanana na mama yake kwa kila kitu. Ukiupenda mmea mmoja, unaweza kupata elfu moja wanaolingana nao.

Tatizo liko hapohapo. Hao elfu moja ni mmea mmoja uliorudiwa mara elfu. Ugonjwa ukijua njia ya kuingia kwenye mmoja, umeshajua njia ya kuingia kwenye wote.

Bahati nzuri, Kerala hawakubaki na aina moja. Kila bonde lilikuwa na zake: Karimunda, Kottanadan, Balankotta, Kalluvally, Kuthiravally na nyingine nyingi, kwa ujumla aina za kienyeji zilizotambuliwa zinapita 100. Nyingine zilivumilia kivuli, nyingine ukame, nyingine zilikuwa na punje kubwa. Utajiri huu utatuhusu mbele, usiusahau.

Hadithi ya mvua

Mwaka 1498 Vasco da Gama aliondoka Malindi na mwelekezi aliyempata hapo, akavuka bahari hadi Calicut, mji wa pilipili. Mtawala wa Calicut alijulikana kwa cheo cha Zamorin. Wanasimulia Kerala kwamba Wareno walipotaka kuondoka na miche ya pilipili, washauri wa Zamorin walipata wasiwasi kwamba biashara inahama. Yeye akawatuliza: miche wanaweza kuichukua, lakini mvua yetu ya Thiruvathira hawataiweza kuibeba.

Hii ni hadithi ya kusimuliwa, tuichukue hivyo. Ila ina sayansi ndani yake. Mvua ile ya masika ya Juni na Julai huamsha maua na kusaidia uchavushaji. Mvua isipofika kwa wakati, vichala hutoka na mapengo.

Kuna kitu kimoja ambacho hadithi hiyo haisemi. Mvua ileile ndiyo inayomsafirisha muuaji mkubwa wa mpilipili.

Na miche ilihama kweli. Pilipili ilistawi Sumatra na Java, ikaenda Sarawak, na katika karne ya 20 ikashika kasi Brazil na Vietnam. Kila ilikofika ilifika kama vipande vilivyokatwa kwenye mimea michache. Tuangalie kilichofuata.

Mashamba yaliyokufa

Lampung, kusini mwa Sumatra, ilikuwa moja ya sehemu kuu za pilipili duniani wakati wa ukoloni wa Wadachi. Mipilipili ilikuwa ikinyauka ghafla: leo kijani, baada ya wiki chache majani yote chini. Mwaka 1936 mtafiti aitwaye Muller alieleza kwamba chanzo ni kimelea cha jamii ya Phytophthora kinachoozesha shina kwenye usawa wa ardhi.

Kwenye kisiwa cha Bangka, hapohapo Indonesia, tatizo lilikuwa tofauti. Mimea iligeuka njano, ikadumaa, ikafa polepole. Ilikufa kwa mamilioni. Mmoja wa wahusika wakuu ni mnyoo mdogo wa udongoni, Radopholus similis, anayetoboa mizizi. Jina hilo ni geni, lakini mwenyewe si mgeni kwetu: ndiye anayetafuna mizizi ya migomba Kagera na Uganda hadi mgomba unaanguka na mkungu wake.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Tomé-Açu, kwenye jimbo la Pará, Brazil. Mwaka 1929 wahamiaji kutoka Japani walifika pale kwenye msitu wa Amazon wakitafuta maisha. Mazao yao ya kwanza hayakuwalipa, malaria ikawapunguza. Mwaka 1933 ilifika miche michache ya pilipili kutoka Singapore, na mingi ilifia njiani. Ile iliyonusurika ilikatwa vipande, vipande vikakatwa vipande, hadi bonde lote likajaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia bei ilipanda, na watu wakaiita pilipili almasi nyeusi. Walijenga nyumba, shule na barabara kwa pilipili.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaingia kuvu ya Fusarium, jamaa wa ile inayonyausha migomba. Shamba baada ya shamba lilikauka. Aina iliyotawala pale iliitwa Cingapura, yaani Singapore kwa Kireno, na mashamba yalikuwa nakala za mimea ileile iliyonusurika safarini. Hakukuwa na wa kusimama wengine walipoanguka. Wakulima wa Tomé-Açu hawakupata aina ya kuwaokoa kwa wakati. Walibadilisha kilimo chenyewe: wakachanganya pilipili na kakao, miti ya matunda na miti ya mbao, ili likifa moja jingine liendelee kulipa. Mfumo huo sasa unasomwa na wataalamu wa kilimo mseto duniani, lakini ulizaliwa kutokana na hasara.

Panniyur na mama asiyezaa

Sasa turudi Kerala. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulianzishwa kituo cha utafiti wa pilipili katika kijiji cha Panniyur, karibu na mji wa Taliparamba, wilaya ya Kannur. Shida iliyowakabili ilikuwa ya tija. Malabar ilikuwa na jina kubwa, ila kwa hekta moja mkulima alivuna kidogo sana. Hata miaka mingi baadaye wastani wa India umekuwa ukizunguka kilo 300 hivi za pilipili kavu kwa hekta.

Wazo lilikuwa kufanya kile ambacho wakulima, kwa kupanda vipande, hawakuwa wakikifanya: kuoanisha mimea miwili tofauti na kupanda mbegu zake. Ukisikia hivyo unaona ni jambo jepesi. Kumbuka ukubwa wa maua yenyewe. Kichala kimoja kina maua mengi sana, kila moja dogo kuliko kichwa cha kiberiti, na mengi yana dume na jike pamoja. Inabidi uhakikishe kichala hakijajichavusha, ukifunike, ulete chavua ya mmea unaoutaka, uipake kwa brashi laini, ufunike tena, usubiri punje zikomae. Kisha unapanda mbegu, unasubiri miaka mmea uzae, ndipo ujue kama ulichokipata kina maana.

Mmea waliouchagua kuwa mama uliitwa Uthirankotta. Hapa ndipo historia inapochekesha. Uthirankotta ni aina ambayo maua yake kwa sehemu kubwa ni ya kike tu. Kwa kuwa dume ni haba, punje hazishiki vizuri, na vichala hudondoka. Hata jina lake linabeba maana hiyo ya kupukutika. Kwa mkulima anayetaka debe la pilipili, mmea huu ni mzigo. Kwa mtafiti anayetaka kuoanisha, mmea ambao ni jike karibu wote ni zawadi, kwa sababu hausumbui kwa kujichavusha wenyewe. Baba aliitwa Cheriyakaniyakadan, naye ni aina ya kienyeji.

Kati ya miche iliyotokana na ndoa hiyo ulitoka mmoja wenye vichala virefu, punje nene na mavuno ya ajabu. Waliupa jina la Panniyur-1. Katika majaribio mavuno yake yamefika zaidi ya kilo 1,200 za pilipili kavu kwa hekta, yaani kama mara nne ya ule wastani. Bila shaka shamba la kituo na shamba la mkulima si kitu kimoja, lakini hata ukipunguza, tofauti inabaki kubwa. Vipande vya Panniyur-1 vilisambaa Kerala, vikaenda Karnataka na kwingineko.

Fikiria tena hesabu hii. Aina iliyobadilisha mavuno ya pilipili ilizaliwa na mmea ambao mkulima mwenye akili timamu angeung'oa. Kama wakulima wote wa kaskazini mwa Kerala wangekuwa wameshausafisha mashambani, Panniyur-1 isingekuwepo.

Panniyur-1 ilikuwa na mapungufu yake. Haipendi kivuli kizito, na wakulima wengi wa Kerala hupandisha pilipili kwenye miti iliyo ndani ya bustani zenye minazi, mibuni na mifenesi. La pili ni zito zaidi: Phytophthora ikija, Panniyur-1 hufa kama wengine. Waliichagua kwa sababu inazaa sana, nayo kweli inazaa sana. Kwenye uteuzi ule ugonjwa haukuwa mtihani.

Muuaji anayeogelea

Phytophthora ni nani hasa? Jina lake alilipa Anton de Bary mwaka 1876, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mwangamizaji wa mimea. Ndugu yake mmoja ndiye aliyeozesha viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na njaa iliyofuata ikaua watu wapatao milioni moja. Kwa kuutazama unaweza kudhani ni kuvu. Kiukoo si kuvu. Yuko karibu zaidi na mwani wa baharini. Hii ina athari kwa mkulima, maana baadhi ya dawa za kuvu hazimgusi.

Anayeshambulia mpilipili huitwa Phytophthora capsici. Mvua inaponyesha na udongo kutota, hutoa vijimbegu vyenye mikia miwili ambavyo huogelea. Ndiyo, huogelea, kwenye tabaka jembamba la maji kati ya chembe za udongo, hadi vinafika kwenye mzizi. Matone yanayoruka kutoka ardhini huvipandisha kwenye majani ya chini. Akishaingia kwenye shina pale linapokutana na udongo, mmea mkubwa wa miaka kumi unaweza kufa ndani ya mwezi mmoja. Unaelewa sasa kwa nini nilisema mvua ya Zamorin imebeba mawili.

Wilaya ya Wayanad, kwenye milima ya Kerala, inajua gharama yake. Miaka ya mwanzo ya 2000 bei ya pilipili ilianguka, na wakati huohuo mimea ilikuwa inanyauka. Wakulima wadogo waliokopa wakitegemea pilipili walibaki na madeni na mashina makavu. Baadhi yao walijiua. Tunapoongelea ukinzani wa magonjwa, tunaongelea familia hizo pia.

Vietnam nayo inafaa kutajwa hapa. Ni mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani leo, na wakulima wake huvuna zaidi ya tani 2 kwa hekta kwa kubananisha mimea kwenye nguzo, kuweka mbolea nyingi na kumwagilia. Kwenye mikoa ya nyanda za juu kama Gia Lai wamepitia yaleyale: bei ikashuka baada ya 2015, mnyauko ukaingia, mikopo ikabaki. Mavuno makubwa hayakuwa kinga.

Kutafuta anayesimama

Basi, unamtafutaje mmea mkinzani? Njia ni ya moja kwa moja na ya kikatili: unaotesha maelfu ya miche, unawawekea kimelea, unangoja uone nani anabaki hai. Kazi hii imefanywa kwa miongo kadhaa na taasisi ya utafiti wa viungo iliyopo Kozhikode, mji uleule ambao Wareno waliuita Calicut. Ilianza mwaka 1976 kama kituo cha mkoa cha taasisi nyingine, na tangu 1995 inaitwa Taasisi ya India ya Utafiti wa Viungo, kwa kifupi IISR. Wana benki hai ya mipilipili zaidi ya 2,000, ya shambani na ya mwitu.

Waliokuja na nafuu ni wachache. Mche ulioandikwa P-24, mtoto wa aina ya kienyeji ya Perambramundi aliyechavushwa kiholela bila baba kujulikana, ulistahimili Phytophthora kuliko wenzake. Baadaye ulitolewa kwa wakulima kwa jina la IISR Shakthi. Kuna IISR Thevam, uliochaguliwa kutoka aina ya Thevamundi, nao unavumilia. Na kwa minyoo fundo ya mizizini kuna Pournami, uliotokana na aina ya Ottaplackal.

Angalia maneno niliyotumia: kustahimili, kuvumilia. Ukinzani kamili ni kwamba kimelea kinakuja na hakipati kitu. Ustahimilivu ni kwamba mmea unaumwa ila haufi haraka. Ndani ya mpilipili wa kawaida, kilichopatikana hasa ni ustahimilivu. Kwa hiyo hata mwenye Shakthi anatakiwa aendelee kufungua mitaro, apulizie mrututu na chokaa kabla ya mvua, na aondoe mimea iliyokufa.

Ukinzani wenyewe upo, ila uko kwa binamu wa mbali. Piper colubrinum ni mmea wa Amazon, unapenda kusimama kwenye majimaji, na haumpi Phytophthora nafasi. Minyoo ya mizizini nayo haimwezi. Kwa nini basi usioanishwe na pilipili yetu mambo yaishe? Tatizo ni hesabu ya kromosomu. Mpilipili wa kawaida una kromosomu 52, colubrinum ana 26. Ndoa ya hivyo ni ngumu kuzaa, na mtoto akipatikana ni ngumu kumtumia.

Wakajaribu njia ya bustani: kubebesha. Unachukua shina la colubrinum liwe chini, juu unabebesha pilipili unayoitaka, kama tunavyobebesha maembe. Mizizi inakuwa ya Amazon, vichala vinakuwa vya Malabar. Kwa miaka ya mwanzo inafanya kazi, hasa maeneo yenye maji. Baadaye mengine hukataana: shina la juu linanenepa kuliko la chini, kiungo kinaharibika. Na kwenye kiangazi kirefu colubrinum, aliyezoea kinamasi, huteseka kwa kiu.

Mwaka 2019 timu ya watafiti iliyoongozwa kutoka China ilichapisha jenomu ya pilipili manga, yaani ramani ya maelekezo yake ya urithi. Sasa mtafiti anaweza kutafuta jeni zinazohusika na kujikinga, akazilinganisha na za binamu wa mwitu, akaupima mche ukiwa bado mdogo bila kungoja miaka uzae. Kazi imerahisika, lakini haijaisha. Ramani inakuonyesha mahali pa kutafuta. Kile unachokitafuta lazima kiwe bado hai mahali fulani.

Hii inatuhusu nini

Inatuhusu, kwa sababu pilipili manga inalimwa hapa kwetu: Unguja na Pemba, kwenye vilima vya Amani wilayani Muheza, kwenye milima ya Morogoro. Inapanda juu ya miti ile ile ya bustani za mseto, na inapandwa vilevile, kwa vipande kutoka kwa jirani. Yaani tuna mazoea yaleyale yaliyowajenga na kuwaangusha Tomé-Açu.

Kwa mkulima, historia hii ina masomo ya kawaida tu. Usikate kipande kwenye shamba ambalo mimea yake inanyauka, hata kama mmea wenyewe unaonekana mzima. Usihamishe udongo wa shina lililokufa, maana vijimbegu vinabaki humo. Fungua maji yasisimame. Na usijaze shamba zima kwa vipande vya mmea mmoja, hata uwe mzuri kiasi gani.

Kwa sisi wengine, wasomi na wanunuzi, kuna swali la kujiuliza kila linapokuja tangazo la mbegu bora mpya ya zao lolote: ilichaguliwa kwa mtihani gani? Kama ni mavuno tu, jibu la ugonjwa bado halijatolewa. Na ile mibovu iliyoachwa nyuma, nani anaitunza?

Kule Idukki, Kerala, mkulima mmoja aliuona msituni mpilipili ambao kichala chake hakikuwa kamba moja. Kiligawanyika matawi, kikibeba punje nyingi kuliko kawaida. Aliukata kipande akaenda kuupanda, na leo aina hiyo inajulikana kama Thekkan. Sehemu kubwa ya misitu ya Ghats ilishafyekwa kwa ajili ya chai, kahawa na mpira. Mwaka 2012 UNESCO iliweka sehemu zilizobaki kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ndani yake bado kuna mipilipili dume na jike isiyo na jina wala mwenyewe, na inazaa punje ambazo hakuna mfanyabiashara angezinunua. Aliyewahi kuonekana bure kabisa, Uthirankotta, ndiye mama wa Panniyur-1. Atakayeishinda Phytophthora naye huenda yuko huko, kwenye mti ambao mtu amepanga kuukata msimu ujao.